Kabla hujanunua pampu: piga kwanza hesabu ya presha inayopotea njiani

Pampu ya kwanza kufunga kwa hela ya mtu ilikuwa HP 3, ya kuzama, kisima kirefu, tanki lipo kilimani mbali kidogo. Tukawasha, maji yakatoka kule juu kama chai inayomiminwa kwenye kikombe. Nikamwambia mzee mwenye kazi pampu ni feki. Akanunua nyingine kubwa zaidi, maji yakaongezeka kidogo tu ila luku ikaanza kuisha kama imetobolewa. Akaletwa fundi mtu mzima, yule baba hakugusa hata pampu, akauliza tu bomba mmelaza la inchi ngapi na ni mita ngapi mpaka kule? Inchi moja, mita mia tatu na kitu. Akacheka. Tulivyobadilisha bomba ile pampu niliyoiita feki ikarudishwa kisimani, na tanki likawa linajaa kabla ya saa sita mchana.

Toka siku hiyo sinunui pampu kabla sijapiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kihivyo, unahitaji simu yenye kalkuleta au Excel, futi ya kupimia na ripoti ya kisima. Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili namba zisituchanganye: shamba dogo, kisima kipo bondeni, tanki lipo juu kwenye mnara.

HATUA YA 1: Unataka maji kiasi gani, na kwa masaa mangapi

Hapa watu wanaruka moja kwa moja kwenye "nataka pampu ya HP ngapi", hapana, anza na lita. Shamba letu lina watu 12, kila mtu weka lita 80 kwa siku, inakuja 960. Ng'ombe 10 kwa lita 50, ni 500. Kuku 2,000 kwa robo lita, 500 nyingine. Alafu kuna nusu ekari ya mboga, na hapo ndo maji yote yanapoenda: nusu ekari ni kama mita za mraba 2,023, mboga zinataka milimita 5 kwa siku kwenye jua letu hili, milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo lita 10,100. Jumla kama lita 12,000 kwa siku.

Sasa utapampu masaa mangapi? Nikisema manne, napata lita 3,000 kwa saa. Ukisema mawili utahitaji 6,000 kwa saa, na kisima chako kinaweza kisikubali. Ripoti ya wachimbaji inaonyesha kisima kinatoa kiasi gani, chetu kinatoa lita 4,000 kwa saa, kwa hiyo 3,000 tuko salama na kuna nafasi imebaki. Usikamue kisima mpaka tone la mwisho, kitaanza kuvuta mchanga na mchanga unakula pampu kama msasa.

Kama ni sola geuza hesabu, jua zuri unalipata masaa matano sita hivi, kwa hiyo unachukua maji kidogo kidogo kwa muda mrefu. Bomba linakuwa dogo, pampu inakuwa ndogo.

HATUA YA 2: Kimo, na kosa la kina cha pampu

Mafundi wa pampu wanaongea kwa hedi, yaani mita za maji. Bar 1 ya presha ni kama mita 10.2 za maji, kwa hiyo gaji ikisoma bar 3 maana yake kuna uwezo wa kusimamisha maji mita 30 na kidogo. Ukishazoea hedi utasahau bar.

Kimo unachohesabu ni kutoka USO WA MAJI ndani ya kisima mpaka pale maji yanapomwagikia tankini. Sio kutoka pampu ilipo. Hili nimeshabishana nalo sana na watu, mtu anakwambia pampu yangu ipo mita 60 chini kwa hiyo inasukuma mita 60. Hapana mkuu, yale maji yaliyo juu ya pampu nayo yanaisukuma kutoka chini, yanajibeba yenyewe mpaka usawa wao. Pampu inaanza kufanya kazi ya kunyanyua pale uso wa maji ulipo.

Ila uso upi? Kwenye ripoti utaona namba mbili, SWL ambayo ni maji yakiwa yametulia, na DWL ambayo ni maji yakishashuka wakati pampu inavuta. Chetu SWL ni mita 24, DWL ni mita 38 kutoka mdomo wa kisima. Tumia DWL. Na kama kisima kilipimwa mwezi wa nne mvua zikiwa zimejaa, ongeza mita kadhaa kwa ajili ya kiangazi, jirani mwenye kisima cha zamani atakwambia maji yanashuka kiasi gani mwezi wa kumi.

Kutoka mdomo wa kisima mpaka chini ya mnara ardhi inapanda mita 12. Usikadirie kwa macho, kilima kinadanganya sana, na GPS ya simu kwenye kimo nayo sio ya kuaminika. Chukua mpira wa maji wa kuonea, ule wa wajenzi, upande nao hatua kwa hatua, au azima levo ya mtu wa barabara. Mnara na tanki vikiwa pamoja, mdomo wa bomba la kuingiza upo mita 8 juu ya ardhi. Basi 38 jumlisha 12 jumlisha 8, tunapata mita 58. Hii ndo hedi ambayo hata Mungu akupe bomba kubwa kiasi gani huikwepi.

HATUA YA 3: Msuguano kwenye bomba, hapa ndo pesa inapotea

Maji yakipita kwenye bomba yanajikwangua kwenye ukuta wa bomba na yenyewe kwa yenyewe, na hiyo nguvu inageuka joto dogo ambalo hutalisikia hata ukigusa, ila pampu inalilipia. Kanuni mbili ndo zinatumika sana. Moja ni ya Darcy na Weisbach, Mfaransa na Mjerumani wa karne ya 19, inafanya kazi kwa kimiminika chochote, maziwa, dizeli, mafuta ya alizeti. Ya pili ni ya Wamarekani Hazen na Williams, ya mwanzoni mwa karne ya 20, hii ni ya maji tu, lakini ni nyepesi na kwa kazi zetu inatosha. Ukiwa unapampu mafuta usiitumie kabisa.

Kwenye Excel iandike hivi:

=10.67*L*(Q^1.852)/((C^1.852)*(D^4.8704))

L ni urefu wa bomba kwa mita. Q ni maji kwa mita za ujazo kwa SEKUNDE, kwa hiyo lita 3,000 kwa saa ni 3 gawa kwa 3,600, inakuja 0.000833. D ni kipenyo cha NDANI kwa mita, sio milimita, ukiweka 35.2 badala ya 0.0352 utapata jibu la ajabu na utadhani kanuni ni mbovu. C ni ulaini wa bomba: plastiki mpya weka 140 mpaka 150, bomba la chuma jipya 120 hivi, bomba la chuma la miaka mingi lenye kutu ndani 80 mpaka 100. Mimi kwa plastiki naweka 140, najua kuna siku patakuwa na ute na mchanga ndani.

Urefu wetu: kutoka pampu mita 60 chini mpaka mdomo wa kisima ni 60, kulaza ardhini 312, kupanda mnara 8. Jumla 380. Hapa sasa zile mita 60 za kina cha pampu zinahesabiwa, kwa sababu maji yanapita kwenye bomba lote hata kama kimo kinaanzia uso wa maji. Watu wanachanganya hapa, kimo ni kitu kingine na urefu ni kitu kingine.

Kipenyo cha ndani nacho kina mtego wake. Poli paipu ile nyeusi yenye mstari wa bluu, HDPE, namba iliyoandikwa ni kipenyo cha NJE. Ya 40 ya PN10 (PN ni presha inayobeba kwa bar, na PE100 ndo aina ya plastiki ninayoisema hapa) ukuta wake ni milimita 2.4, ndani inabaki 35.2. Ya 32 inabaki 28.0. Ya 50 inabaki 44.0. Na ukichukua ya 40 lakini PN16 ukuta unakuwa 3.7, ndani inabaki 32.6 tu, na msuguano unapanda kama asilimia 45 kwa bomba ambalo kwa nje linafanana kabisa. Nimeona mtu amenunua PN16 kwa kudhani kali zaidi ndo bora zaidi, kumbe kajinyima maji.

Sasa majibu kwa lita 3,000 kwa saa kwenye mita 380:

Poli ya 32 (fundi wanaiita inchi moja): inapoteza mita 31.2
Poli ya 40 (inchi na robo): mita 10.2
Poli ya 50 (inchi na nusu): mita 3.45

Angalia vizuri hapo. Kutoka 32 kwenda 40 umeokoa mita 21, ni kama vile umeshusha tanki lako kutoka ghorofa ya saba. Kutoka 40 kwenda 50 umeokoa mita 6.75 tu. Kipenyo kwenye kanuni kinapigwa karibu kipeo cha tano, ndo maana ukipunguza bomba nusu msuguano unapanda mara 29, wakati ukiongeza maji mara mbili kwenye bomba lile lile unapanda mara 3.6.

Kuna watu wanachagua bomba kwa kasi tu, wanasema maji yasizidi mita 1.5 kwa sekunde basi. Kasi ni maji gawa kwa eneo la ndani la bomba. Kwenye 32 kasi yetu ni 1.35, kwa sheria hiyo imefaulu mtihani, ila inakula mita 31. Sheria ya kasi ni ya bomba fupi la ndani ya nyumba. Njia ikiwa ndefu usiiamini, piga hesabu ya msuguano.

Kama hunielewi na unataka kuhakiki, nimepiga ile ya 40 kwa kanuni ya Darcy nikapata mita 9.2 badala ya 10.2. Tofauti ya asilimia 10, na imeegemea upande wa usalama, sina shida nayo.

HATUA YA 4: Elbo, koki na yule mwizi aliyekaa kimya

Kila elbo, tii, koki na cheki-valvu (ile inayozuia maji kurudi nyuma) inakula kidogo. Kila kimoja kina namba yake, K, unazijumlisha alafu unazidisha na kasi kipeo cha pili gawa 19.62. Elbo ya kawaida 0.9, cheki-valvu ya mlango 2.5, koki ya geti iliyofunguka yote 0.2, mdomo wa kumwagia 1. Sisi tuna elbo 6, cheki-valvu 2, koki 1 na mdomo, jumla 11.6. Kasi kwenye 40 ni 0.856, kwa hiyo inatoka mita 0.43. Nusu mita!

Ndo maana nashangaa fundi anapigania elbo moja kwenye njia ya mita mia nne alafu anasahau dira, ile mita ya kupimia maji. Dira za maji za kawaida zinaruhusiwa kupoteza mpaka bar 0.63 kwenye mtiririko wake wa kudumu (ule iliotengenezwa kupitisha muda wote), ya robo tatu inchi ambayo ni ya mita za ujazo 4 kwa saa, ukipitisha 3 inaweza kula mpaka mita 3.6. Hiyo moja inazidi viungo vyote kwa pamoja mara nane. Kama dira ni ya kujiridhisha tu na humdai mtu, weka kubwa kidogo au usiweke.

Koki ya boya pale tankini nayo ina kitundu kidogo inabana sana. Kwa pampu ya kisima mimi siipendi, maji yakijaa inafunga huku pampu bado inasukuma, tafuta swichi ya boya ya umeme inayozima pampu na bomba limwagike wazi. Ila kwenye hesabu naacha mita 2 za mdomo, maana kuna mtu atakuja kufunga kitu pale baadae bila kuniuliza.

HATUA YA 5: Jumlisha

Kwa poli ya 40: kimo 58, msuguano 10.2, viungo 0.4, dira 3.6, mdomo 2. Jumla 74.2. Akiba ongeza asilimia 10, ila kwenye upotevu tu, ule 16.2, sio kwenye kimo, kimo umekipima kwa mkono wako hakibadiliki. Inakuja kama mita 76.

Kwa poli ya 32, kila kitu kikiwa hivyo hivyo, unafika mita 100. Kwa poli ya 50 unapata mita 68.

Kisima kimoja, tanki moja, na bomba peke yake linakupeleka kutoka 68 mpaka 100.

HATUA YA 6: Boksi la pampu linasema kweli kwa ujanja

Ukienda Kariakoo utaonyeshwa boksi limeandikwa hedi ya juu mita 105, maji lita 5,500 kwa saa. Zote mbili ni kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja. Mita 105 ni pale koki imefungwa na hakuna tone linalotoka. Lita 5,500 ni pale pampu imelala sakafuni haipandishi kitu. Muuzaji atakwambia hii inakutosha mita zako 76, na lita 3,000 zako zimo, na atakuwa amekudanganya bila kukudanganya.

Omba grafu, au lile jedwali la nyuma ya kitabu. Tuseme pampu yetu inasema hivi: maji 0 hedi 105, lita 1,000 hedi 102, lita 2,000 hedi 95, lita 3,000 hedi 84, lita 4,000 hedi 68. Tunataka 76 kwa lita 3,000, inatoa 84, imepita.

Lakini itatoa 3,000 kweli? Hapana, na hapa ndo pana utamu wenyewe. Pampu inatoa maji mpaka pale hedi yake inapolingana na kile bomba linachodai. Chora dai la bomba: kimo 58 hakibadiliki, upotevu unapanda kwa karibu kipeo cha pili cha maji. Kwa poli ya 40, lita 1,000 inadai 59.8, lita 2,000 inadai 65.2, lita 3,000 inadai 74.2, lita 4,000 inadai 86.8. Weka mistari yote miwili kwenye karatasi moja, inakutana kwenye lita 3,400 hivi. Hayo ndo maji utakayopata, upende usipende.

Pampu ile ile kwenye poli ya 32 mistari inakutana kwenye lita 2,700 kasoro. Kwenye poli ya 50 inakutana kama lita 3,700, na hapo unagusa uwezo wa kisima cha 4,000, kiangazi kitakuletea shida, itabidi ubane koki. Ukishaanza kubana koki ujue umelipia pampu ya kupambana na koki yako mwenyewe. Pampu kubwa kupita kiasi sio akiba.

Pia angalia mistari ikutane katikati ya grafu, pale ufanisi ulipo juu, watengenezaji wengi wanapakoleza mstari hapo. Ikikutana mwanzo kabisa pampu inachemka maana maji hayapiti ya kuipoza, ikikutana mwisho kabisa mota inazidiwa na beringi zinakufa mapema.

HATUA YA 7: HP na luku

Nguvu ya maji kwa wati ni 9.81 mara lita kwa sekunde mara hedi. Kwa 76: 9.81 mara 0.833 mara 76, ni wati 621. Pampu ndogo za kuzama za inchi 4 ufanisi wake ni kama asilimia 45 mpaka 60, tuseme 50, kwa hiyo shafti inataka wati 1,240. HP moja ni wati 746, unapata 1.67, unapanda mpaka ile inayouzwa, HP 2, yaani kilowati 1.5. Kwa bomba la 32 ungehitaji wati 1,635, hapo ni HP 3. Na kwa bomba la 50 wati 1,110, HP moja na nusu ingekuwa imebanwa mno, kwa hiyo nayo ungenunua HP 2 vile vile.

Mota yenyewe inapoteza tena, weka asilimia 72, kwa masaa manne kwa siku poli ya 32 inakula yuniti 9.1, ya 40 inakula 6.9, ya 50 inakula 6.2. Kwa mwaka tofauti ya 32 na 40 ni kama yuniti 800. Tofauti ya 40 na 50 ni 260 hivi. Chukua bei ya yuniti yako, chukua bei ya roli ya bomba, uone inalipa baada ya miaka mingapi. Kwa mfano huu mimi nachukua 40 bila kufikiria mara mbili, ila njia ingekuwa kilomita moja ningechukua 50.

Kabla hujalipa angalia presha ya bomba. PN10 inabeba bar 10, karibu mita 102, kwenye maji ya baridi. Bomba la chini karibu na pampu ndo linabeba zaidi, ila nje yake nako kuna maji yanayolisukuma kwa upande wa pili, kwa hiyo kwetu linatosha. Mtu akifunga koki ghafla kuna ule mshtuko wa maji, kwenye poli kwa kasi yetu unaongeza kama mita 26, kwenye bomba la chuma ungekuwa mita 100 na zaidi maana chuma hakitanuki. Poli inasamehe, chuma hakisamehi.

KAMA PAMPU IPO JUU YA ARDHI

Hapa hesabu ya kusukuma ni ile ile, kuna hesabu nyingine ya kuvuta, na ndo inayoua pampu nyingi za juu. Pampu haivuti maji. Inatoa hewa kwenye bomba, alafu uzito wa hewa ya dunia ndo unasukuma maji yapande. Pwani hewa ina nguvu ya mita 10.3 za maji. Ukipanda Iringa mjini, mita 1,600 hivi juu ya bahari, inabaki 8.5. Hapo toa mvuke wa maji (kwa nyuzi 30 ni mita 0.43), toa ile NPSH iliyoandikwa kwenye kitabu cha pampu (hedi ambayo pampu inataka ibaki pale inapoingizia maji), tuseme 3, toa msuguano wa bomba la kuvutia na futivalvu (valvu ya mwisho wa bomba, ndani ya maji), tuseme 0.8, toa nusu mita ya usalama. Dar unabaki na mita 5.6 za kuvuta. Iringa ukitoa hivyo hivyo unabaki na mita 3.8.

Kwa hiyo pampu iliyokuwa inavuta vizuri Kigamboni kwenye kisima cha mita 5, ndugu yako akiipeleka Iringa kwenye kisima kile kile cha mita 5 itaanza kupiga kelele kama imemeza kokoto. Hizo sio kokoto, ni viputo vya mvuke vinapasuka ndani ya feni ya pampu (ile inayozunguka kusukuma maji) na kuichimba. Dawa ni kushusha pampu karibu na maji, au bomba la kuvutia kubwa zaidi na elbo chache. Kubana koki ya kutolea kunasaidia kidogo kwa muda. Koki ya upande wa kuvutia usiibane hata siku moja.

KUWASHA NA KUHAKIKI

Weka gaji ya presha mdomoni mwa kisima kabla ya dira. Ni kitu cha bei ndogo na ndo daktari wako wa miaka yote. Pampu ikiwa imezimwa gaji isome bar 2 hivi, hizo ni zile mita 20 za mlima na mnara, na ibaki hapo. Ikishuka taratibu cheki-valvu inavuja, au bomba limetoboka mahali.

Washa, subiri saa nzima maji yashuke kisimani yatulie, maana dakika za mwanzo uso wa maji upo mita 24 na utapata maji mengi ya kukudanganya. Alafu panda mnarani na ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabu sekunde. Kwa lita 3,400 kwa saa ndoo inajaa sekunde 21. Muda huo huo gaji chini isome kama bar 3.8.

Ndoo ikichukua sekunde 30 na gaji imepanda juu ya pale, kuna kitu kimebana mbele ya gaji, koki nusu, dira imejaa mchanga, au bomba limekunjwa mahali wakati wa kufukia. Ndoo ikichelewa na gaji nayo imeshuka, shida ipo nyuma: feni zimeliwa, maji kisimani yameshuka kuliko ripoti, bomba la ndani ya kisima linavuja, au umeme ni hafifu na mota haizunguki inavyotakiwa, pima volti pampu ikiwa inafanya kazi sio ikiwa imezimwa. Namba za siku ya kwanza, sekunde, bar, volti na ampia, ziandike kwa maka pen ndani ya mlango wa boksi la umeme. Mwaka ujao ukiitwa kwamba maji yamepungua unafungua mlango, unapima tena zote nne, na unajua uende kwenye dira au ung'oe pampu.